Ufumaji kwa Wamaya: unaanza mtoto akiwa na miezi mitatu

Dada, umeuliza ufumaji unaingiaje kwenye mila za kuzaliwa na kuolewa kwa Wamaya, wenyeji wa asili wa Meksiko na Guatemala. Unaingia mapema mno. Kule Yucatán, Meksiko, wana hetzmek: binti akifika miezi mitatu, msimamizi (kama mzazi wa ubatizo) humpakata kiunoni kwa mara ya kwanza na kumshikisha sindano na uzi. Miezi mitatu kwa sababu ya mafiga matatu ya jikoni (hilo hata sisi halitupigi chenga!).

Milimani Chiapas, jimbo la Meksiko, na Guatemala, mfumaji hufunga ncha moja ya mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa) mtini, nyingine kwenye mshipi wa kiunoni. Akiegemea nyuma, nyuzi zinakaza. Mimi kinachoniacha hoi ni huipil, blauzi yao, ya bibi harusi wa Zinacantán, huko Chiapas: inafumwa pamoja na manyoya meupe ya kuku.