Ukimsoma binti wa mfalme, anza na mashamba

Ndugu zangu mnaoingia darasa la historia mwaka huu,

Mkipewa binti wa mfalme wa Uingereza wa Zama za Kati, najua mtakimbilia wapi: kwenye harusi. Na mimi nilikwenda hukohuko. Nilipangiwa Joan wa Acre, binti wa Edward I na Eleanor wa Castile, aliyezaliwa mwaka 1272 huko Acre, yaani Akka, mji wa pwani ulioko Israel ya leo, wakati wazazi wake walipokuwa kwenye vita vya msalaba. Mjane wa kifalme kuolewa kwa siri na kijana wa nyumbani kwake! Nikajaza kurasa za mapenzi. Mwalimu alizirudisha na swali moja tu pembeni: mashamba yalikwenda kwa nani?

Ilibidi nianze upya. Mwaka 1290 Joan aliolewa na Gilbert de Clare, bwana wa Gloucester, aliyemzidi kwa karibu miaka 30. Kabla ya ndoa, Gilbert alimkabidhi mfalme ardhi yake kisha akarudishiwa, safari hii kwa majina mawili, lake na la mkewe. Hapo someni polepole, maana ndipo kisa chote kilipofichwa. Edward alitaka utajiri huo uwafikie wajukuu wake. Lakini Gilbert alipofariki Desemba 1295, ulibaki mkononi mwa mjane wa miaka 23, na atakayemwoa ndiye angeushika.

Mfalme akamchagulia Amadeus, bwana wa Savoy huko milima ya Alps, akatoa idhini Machi 1297. Amechelewa! Joan alikuwa ameshaolewa na Ralph de Monthermer, kijana aliyemtumikia marehemu mumewe. Ralph akatiwa ndani katika ngome ya Bristol. Mwaka huohuo akaachiwa, akala kiapo cha utii, akaanza kuitwa bwana wa Gloucester. Wengi huandika kwamba baba aliona huruma. Huenda. Ila msisahau kwamba Agosti ile Edward alikuwa anavuka bahari kwenda kupigana Flanders, Ubelgiji ya leo, na alihitaji kila aliyeweza kuleta askari.

Mambo mawili yalinisumbua, nawaeleza yasije yakawasumbua. England ya wakati ule ilihesabu mwaka mpya kuanzia Machi 25, kwa hiyo hati ya Januari 1297 mnaweza kuikuta imeandikwa 1296. La pili ni majina. Bibi mzaa mama wa Joan, aliyemlea Ponthieu kaskazini mwa Ufaransa, naye aliitwa Joan. Dada yake mmoja aliyefariki mchanga, Joan pia. Binti yake mmoja, vilevile. Katika mti wangu wa kwanza wa ukoo nilimwoza bibi kwa mume wa mjukuu, nikacheka peke yangu usiku.

Msiishie kwenye kifo chake mwaka 1307 huko Clare. Mwanawe Gilbert, aliyeitwa jina la baba yake, aliuawa katika vita vya Bannockburn huko Scotland mwaka 1314 bila kuacha mtoto, na ardhi ikagawiwa dada zake watatu: Eleanor, Margaret na Elizabeth. Waume zao wakaanza kuviziana. Hugh Despenser, mume wa Eleanor, alitaka zaidi ya fungu la mkewe, na uroho huo ulichangia vita vya mabwana dhidi ya mfalme Edward II, mdogo wake Joan. Mwaka 1326 akanyongwa. Elizabeth alifiwa na waume watatu, hakuolewa tena, na fedha zake zikakijenga upya chuo kimoja cha Cambridge ambacho hadi leo kinaitwa Clare. Kwangu mimi huyo ndiye wa kuandikwa, kuliko mama yake.

Na bado Joan ana kitu kimoja ninachokipenda. Mwaka 1305 mfalme alimgombeza mwanawe, Edward II wa baadaye, akamkatia fedha. Joan akampelekea mdogo wake mhuri wake, aagize anachotaka kwa mali ya dada. Barua ya kijana huyo akiurudisha mhuri ipo hadi leo. Anzeni hapo.