Kabla ya Kuitikia Ndiyo: Kwa Mnaoanza Kazi ya Mezani Hotelini

Wadogo zangu mnaoingia kazini msimu huu katika hoteli za Kiwengwa, Paje na Nungwi hapa Zanzibar, nawaandikia baada ya miaka 16 ya kuhudumia wageni mezani, minane ya mwisho nikiwa msimamizi wa mgahawa. Wengi wenu mnakuja na hofu ya mambo ambayo hujifunzwa kwa siku chache: kubeba trei iliyojaa glasi, kupanga visu na uma, kukunja vitambaa vya mezani. Hayo mtayaweza. Linalowakwamisha wanaoanza, na ambalo mafunzo yetu hulipitia juu juu, ni ile tabia ya kuitikia ndiyo kwa jambo ambalo mtu hakulielewa.

Lilinifika mimi mwenyewe. Nilikuwa na wiki ya tatu kazini, na mafunzo yangu yote yalikuwa ni kumfuata mhudumu mkongwe kwa siku mbili. Mama mmoja wa makamo, aliyekuja na binti yake, aliweka kidole kwenye jina la kisamvu katika orodha ya vyakula, akaniuliza swali refu la Kiingereza. Nilishika maneno mawili matatu, nikaona haya kumwomba arudie, nikatabasamu na kuitikia ndiyo. Kumbe alikuwa anataka kuhakikisha kwamba hakina karanga. Kisamvu cha siku ile kilikuwa kimeungwa kwa nazi na karanga za kusaga, ambazo zikishaiva hakuna jicho linaloziona. Hakufika kijiko cha nne midomo ikaanza kuvimba na sauti kumkauka, na binti yake akawa anamwaga vitu vyote vya mkobani juu ya meza akitafuta sindano ya dawa. Alichomwa sindano, akakimbizwa hospitali, akapona. Kazini sikufukuzwa, lakini hakuna aliyekaa nami chini akanieleza nilipaswa kufanya nini, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mgeni wa namna hii hasumbui wala hachagui chakula kwa deko. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, sheria inaitaka migahawa imweleze mteja iwapo chakula kina chochote kati ya vitu 14 vinavyojulikana kudhuru watu wenye mzio, yaani ambao miili yao huvikataa vyakula fulani, hata kama chakula hicho hakikufungwa kwenye pakiti. Kwa hiyo Mwitaliano au Mjerumani anapokuuliza, anatarajia jibu la uhakika kama analopewa kwao. Jifunzeni orodha hiyo kwa kuitafuta ndani ya vyakula vyetu wenyewe. Karanga mara nyingi huungwa kwenye kisamvu na mchicha. Ufuta umo kwenye mkate wa ufuta. Ngano haimo kwenye chapati na maandazi tu, bali hata kwenye urojo, maana uji wake hufungwa kwa unga wa ngano. Samaki ni kundi lake, kamba na kaa kundi jingine, pweza na ngisi kundi la tatu, na anayedhuriwa na kamba huenda akala samaki kama changu bila tatizo. Nazi haimo katika orodha hiyo, lakini wapo watu wachache wanaodhurika nayo, kwa hiyo akikuuliza usimkatalie kwamba hilo haliwezekani.

Mgeni akikutajia kitu asichokula, kiandike palepale pamoja na namba ya meza na kiti alichokalia, kisha mrudie ulichoandika polepole, naye akuthibitishie. Kama hukuelewa, mwambie kwamba unakwenda kuuliza jikoni. Sentensi hiyo moja ya Kiingereza ijueni kabla ya nyingine zote, kwani sijapata kumwona mgeni aliyekasirika kwa kuambiwa hivyo. Ukifika jikoni muulize mpishi aliyekipika chakula chenyewe, usimuulize mhudumu mwenzako, na usiulize tu kilichomo ndani ya sufuria. Chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta yaliyotangulia kukaanga kamba si salama kwa mtu wa mzio wa kamba, ingawa kwa macho ni viazi vitupu. Mpishi mwenye shughuli nyingi anaweza kukujibu kwa ukali. Vumilia, uliza tena.

Kuhusu lugha, msianze na kanuni za sarufi mlizoziacha sekondari. Anzeni na sentensi za kazi yenu: kupokea oda, kuomba mtu arudie, kueleza chakula kimepikwa kwa nini, kuomba radhi chakula kinapochelewa. Anayefanya kazi Kiwengwa, ambako Waitaliano ni wengi, azijue sentensi hizo kwa Kiitaliano pia.

Nawasikia mameneja wakilalamika kwamba vijana wa hapa hawana ujuzi, ndiyo maana nafasi za usimamizi huenda kwa watu wa nje, hasa Wakenya. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya habari. Kenya ilifungua chuo chake cha Utalii mwaka 1975, na vizazi kadhaa vya wahudumu na wapishi vimepita pale. Sisi nasi tunayo taasisi ya utalii ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, pale Maruhubi, na Bara kuna Chuo cha Taifa cha Utalii na chuo cha ufundi stadi cha VETA cha Njiro, Arusha. Ninaloliamini ni kwamba hoteli inayomweka kijana mbele ya wageni baada ya siku mbili imekwepa wajibu wake, na haina haki ya kumlaumu yeye peke yake pale jambo linapoharibika. Mtu akikupa nafasi ya uanagenzi, ambamo siku nyingine uko darasani na nyingine hotelini chini ya mtu wa kukuelekeza, ichukue hata kama posho yake ni ndogo kuliko mshahara wa kibarua.

Hoteli nyingi hupunguza watu Aprili na Mei kwa sababu ya masika, na baadhi hufunga kabisa. Ulizeni mapema, na kwa maandishi, kama mtarudishwa kazini mwezi Juni. Kabla ya kuondoka, mwombeni mpishi mkuu nusu saa, mpitie naye orodha ya vyakula mstari kwa mstari, mkiandika kila sosi na kila mchuzi una nini ndani. Msimu ukifunguliwa mpitie tena orodha ile, kwa sababu mapishi hubadilika wapishi wanapobadilika.