Maswali na majibu: Kubadili mtutu wa Blaser R8

SWALI: Wahariri, salaam. Mimi ni mwindaji bingwa, Arusha. Ninayo bunduki ya Blaser R8 ya kaliba ya .30-06 na nataka kuagiza mtutu wa .375 H&H kwa ajili ya nyati. Je, naweza kuubadili mwenyewe kambini, au lazima nimtafute fundi?

JIBU: Unaweza. R8, iliyotoka mwaka 2008 katika kiwanda cha Isny, kusini mwa Ujerumani, iliundwa kwa ajili hiyo. Bolti yake, chuma kinachofunga nyuma ya risasi, huvutwa nyuma moja kwa moja bila kuzungushwa, na hujifunga kwa pete yenye vidole vinavyotanuka na kung'ata mfereji uliochongwa ndani ya mtutu wenyewe. Chemba, yaani chumba cha risasi, imo humohumo kwenye mtutu. Kwa hiyo nafasi kati ya bolti na kitako cha risasi imeshapangwa kiwandani, huhitaji geji ya kuipima.

Hakikisha chemba ni tupu, kwa jicho na kwa kidole. Chomoa magazini, ambayo kwenye R8 hutoka pamoja na kifyatulio. Ikishatoka bunduki haikokiki. Toa bolti. Laza bunduki chali kwenye kitambaa, ulegeze nati mbili za chini ya kishikio cha mbele kwa alenki ya mpini wa T iliyokuja nayo. Nati hizo zimefungiwa ndani, hazidondoki. Geuza bunduki, nyanyua mtutu wima.

Kabla ya kuweka mwingine, futa nyuso zinazokutana, za mtutu na za bodi, mpaka zikauke. Chembe ya mchanga hapo inatosha kuhamisha shabaha. Kisha laza mtutu mpya, kaza nati kidogo kidogo kwa zamu, umalizie kwa nguvu ya mkono. Usiongeze bomba kwenye mpini.

Mahali watu wanapokosea ni kwenye vitu vinavyopaswa kuandamana na mtutu. Kitako cha risasi ya .30-06 kina kipenyo cha milimita 12, cha .375 H&H ni 13.5. Bila kichwa cha bolti cha kundi la magnum (risasi za kitako kipana), mtutu wako mpya ni chuma tu. Magazini nayo iangalie: risasi nzima ya .375 H&H hufika milimita 91.4, wakati .30-06 huishia 84.8, hivyo utahitaji kiingizo chake, kipande kinachokaa ndani ya magazini. Mwandikie muuzaji kaliba kamili, si "magnum" tu, kwa sababu .300 Win Mag ina kitako cha 13.5 vilevile lakini urefu wake ni kama wa .30-06. Ungechagua 9.3x62, kichwa cha bolti cha .30-06 kingebaki palepale.

Uliza pia unene. Mtutu wa kawaida una milimita 17 mdomoni, wa nusu-mzito 19. Pitisha karatasi kati ya mtutu na kishikio. Ikikwama, mbao inagusa chuma na shabaha haitatulia.

Maliza kwa risasi za bandia: jaza magazini, zipitishe zote. Kwa nyati, kasoro ya ulishaji igundulike mezani. Na usiagize chochote kabla ya kuuliza ofisi inayosajili silaha. Ujerumani na Uingereza mtutu wa ziada huhesabiwa sehemu ya silaha na huwa chini ya sheria za silaha.

SWALI: Nimepata mtutu wa R93, Blaser iliyotangulia R8, kwa bei nafuu. Utaingia kwenye R8?

JIBU: Hapana. R93 ya mwaka 1993 ni mfumo mwingine, hata kama kaliba ni ileile. Usijaribu kuuchonga.

SWALI: Nina mitutu miwili ya R8. Nikirudisha wa kwanza, risasi zinapiga sentimita 6 pembeni kwa mita 100. Tatizo ni nini?

JIBU: Kwanza tazama darubini. Kwenye R8 kiti chake hukaa juu ya mtutu, si juu ya bodi. Darubini inayobaki na mtutu wake hurudi na shabaha yake. Kama unahamisha moja kati ya mitutu miwili, kuhama huko ni kwa kawaida kabisa: andika idadi ya mibofyo kwa kila mtutu (darubini nyingi za Ulaya husogeza sentimita 1 kwa mita 100 kila mbofyo). Kama kila mtutu una yake, shuku uchafu chini ya mtutu, nati moja iliyokazwa kuliko mwenzake, au miguu ya kiti ambayo haikukaa sawasawa kwenye vishimo vyake. Futa mafuta ndani ya mtutu pia. Risasi ya kwanza kwenye mtutu wenye mafuta mara nyingi hupotea njia. Piga tatu ndipo uamue.

SWALI: Na Mauser 98 ya babu, naweza kuibadili mtutu kwa namna hiyo?

JIBU: La. Mtutu wa Mauser umeparafujwa kwenye bodi. Kuutoa kunataka jiliwa maalumu la mtutu na spana ya bodi, na kuuweka kunataka kupima chemba kwa geji mbili: bolti ifunge kwenye ya chini, ikatae kwenye ya juu. Ikifunga kwenye zote mbili, ganda litanyooka kupita kiasi na linaweza kukatika likiwa chembani, gesi ikarudi usoni. Mpelekee fundi wa bunduki mwenye leseni.