Kingamwili, wazimu wa ghafla na usonji: mambo ya kujua kabla ya kulipia kipimo cha damu

Mdogo wangu wa kike aliugua akiwa na umri wa miaka 22, katika mwezi wa Ramadhani, hapa kwetu Tanga. Alianza kwa homa na kuumwa kichwa kwa siku nne hivi, tukampima malaria asionekane nayo, homa ikashuka, nasi tukasema ni saumu na joto tu. Wiki moja baadaye akaacha kulala. Alizunguka ukumbini usiku kucha akisema kwamba majirani wanamsikiliza kupitia simu yake, na alfajiri akakataa daku la mama kwa madai kuwa limetiwa sumu. Shehe aliitwa akamsomea, akanywa kombe, na hali ilipozidi tukampeleka hospitali, ambako alilazwa wodi ya wagonjwa wa akili na kuanzishiwa dawa za kutuliza.

Siwalaumu waliompokea, kwa sababu mtu anayesikia sauti na kushuku chakula cha mama yake hufanana na maelfu ya wagonjwa wengine wa akili. Hata hivyo, dawa zile hazikumtuliza. Shingo na mikono vilikakamaa, homa ikarudi, akaanguka kifafa mara mbili, na baada ya hapo akaacha kabisa kusema. Nililolishika zaidi ni mdomo wake: ulikuwa ukitafuna muda wote bila kitu ndani, kama mtu mwenye ubani kinywani, huku ulimi ukitoka na kurudi, na hakuacha hata macho yalipokuwa yamefumba. Daktari kijana wa zamu ya usiku alisimama kando ya kitanda kwa zaidi ya robo saa akiutazama mdomo ule, kisha akaniuliza ugonjwa ulianza tarehe gani na kwa mpangilio upi. Nilikuwa nimeandika kila kitu katika daftari la shule la mwanangu, siku kwa siku, nikamkabidhi. Alilisoma lote akiwa amesimama, akasema anataka kupima maji ya uti wa mgongo.

Ugonjwa aliouwaza huitwa ensefalitisi ya kingamwili dhidi ya vipokezi vya NMDA, na una historia fupi. Kingamwili ni chembe ambazo kinga ya mwili huzitengeneza kupambana na vijidudu, lakini hapa hugeuka na kuushambulia ubongo. Mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake, kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, walieleza kisa cha wanawake 12 walioanza kama watu waliorukwa na akili, kisha wakapata kifafa, mwili kujipinda na kupoteza fahamu, na wote walikuwa na kingamwili zinazoshambulia vipokezi vya NMDA katika ubongo. Vipokezi hivi ni kama milango iliyo juu ya seli za ubongo, ambayo ujumbe unaohusu kumbukumbu na fikra hupitia. Kingamwili zinapoishika, seli huivuta milango hiyo ndani, na juu hubaki michache isiyotosha kazi. Seli yenyewe haifi kwa jambo hilo, na ndiyo maana kingamwili zikiondolewa milango hurudi mahali pake na mgonjwa anaweza kupona. Katika baadhi ya wanawake, chanzo ni uvimbe wa ovari uitwao teratoma, ambao unaweza kuwa na nywele, meno na hata tishu za ubongo ndani yake. Kinga ya mwili huinukia tishu zile za uvimbe na kuishia kuushambulia ubongo wenyewe. Wengine hawana uvimbe wowote, na wapo wanaoupata baada ya ubongo kuugua kutokana na virusi vya malengelenge.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni wa daftari. Andika tarehe ya homa, tarehe ya usiku wa kwanza bila usingizi, tarehe ya kifafa, jina la kila dawa na alivyokuwa saa chache baada ya kuimeza au kuchomwa. Mtu asiyekuwa na historia ya maradhi ya akili, akabadilika ndani ya siku au wiki chache, na juu ya hayo akawa na kifafa, kuganda kama sanamu, mdomo au mikono kuchezacheza, kushindwa kusema, au mapigo ya moyo na joto vinavyopanda na kushuka bila sababu, anahitaji kuchunguzwa ubongo na si akili peke yake. Dawa za kutuliza usizikatishe kwa uamuzi wako, lakini mwambie daktari siku hiyohiyo ukiona mgonjwa amekakamaa na anachemka.

Jambo la pili nitalisema kwa kirefu, kwa kuwa karibu litugharimu maisha ya mdogo wangu. Mjomba alikataa kata kata asitobolewe mgongo. Alikuwa na mifano ya watu watatu waliotolewa maji ya uti wa mgongo wakafa, na shangazi akaongeza wa nne aliyepooza. Hofu hii ipo katika kila ukoo ninaoujua, na ina asili yake: kipimo hiki mara nyingi hufanyiwa watu wenye homa ya uti wa mgongo waliochelewa kufika, wengi wao hufa kwa ugonjwa, na lawama hubaki kwenye sindano. Daktari alituchorea mgongo kwenye karatasi, akatuonyesha kwamba kwa mtu mzima uti wenyewe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano huingizwa chini ya hapo, mahali penye maji na nyuzi za neva zinazoelea. Kuumwa kichwa baada yake hutokea, na kwa mdogo wangu kulidumu siku mbili. Kuna hali ambazo daktari mwenyewe hukizuia kipimo, kwa mfano akishuku shinikizo kubwa ndani ya kichwa, na ndiyo sababu huenda akataka picha ya kichwa kwanza. Lakini hilo ni la daktari kupima, si la kikao cha ukoo. Tulipoteza siku tano katika mabishano hayo.

Kwa nini tusitosheke na kipimo cha damu? Kwa sababu damu inaweza kukudanganya pande zote mbili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulipima wagonjwa 250 wenye ugonjwa huu: kingamwili zilionekana kwenye maji ya uti wa mgongo ya wote, lakini kwenye damu zilionekana kwa asilimia 85.6 tu. Kwa upande wa pili, watafiti wa Göttingen, Ujerumani, walipima damu ya watu zaidi ya 2,800 na kukuta kingamwili dhidi ya kipokezi hikihiki kwa takribani mtu mmoja kati ya 10, tena kwa kiwango kinachokaribiana kati ya wazima na wenye skizofrenia, maradhi ya akili ya kusikia sauti na kuamini yasiyokuwapo. Kingamwili zina makundi, na zile za kundi la IgG ndizo zinazohusishwa na ugonjwa huu. Kwa hiyo karatasi ya maabara inayosema tu kwamba zipo, bila kutaja kundi wala kulinganishwa na dalili za mgonjwa, haijasema kitu cha kutegemewa.

Sampuli ya mdogo wangu ilipelekwa maabara ya nje ya nchi, na wakati wa kungoja majibu daktari hakukaa bure: alikwisha kupima VVU, kaswende, kifua kikuu na malaria kwa mara nyingine, akaomba ultrasaundi ya nyonga, na akaanza kumpa kwa dripu steroidi, dawa za kutuliza kinga ya mwili. Ultrasaundi ilionyesha uvimbe mdogo kwenye ovari ya kulia, ukatolewa. Katika uchunguzi mkubwa wa mwaka 2013 uliohusisha wagonjwa 577, nusu na ushei ya waliopewa tiba ya awali walianza kupata nafuu ndani ya wiki nne, na kati ya 252 waliofuatiliwa hadi mwezi wa 24, 203 walikuwa na hali nzuri. Sisi neno la kwanza tulilisikia wiki ya tatu. Alimwambia mama, “Shikamoo,” kisha akalala kwa muda wa saa kumi.

Baada ya habari zetu kuenea, dada yangu wa kwa mama mdogo, ambaye ana mtoto wa miaka mitano mwenye usonji (otizimu), aliniuliza kama auze cherehani yake alipie kipimo cha damu alichokiona kwenye intaneti, kinachodai kutambua chanzo cha usonji kwa kingamwili. Nilimwambia asiuze. Ni kweli wapo watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, wanaochunguza kingamwili za mama zinazoweza kuufikia ubongo wa mtoto tumboni, na wengine wanaochunguza zile zinazozuia foleti, aina ya vitamini, kuingia kwenye ubongo. Ila hizi za foleti zimeonekana pia kwa wazazi na ndugu wasio na usonji, na hadi leo usonji hutambuliwa kwa kumtazama mtoto, kucheza naye na kuwasikiliza wazazi. Mtoto wake alikuwa vile tangu mwaka wa pili wa maisha yake, na alikuwa akijifunza maneno mapya, ingawa taratibu. Ingekuwa mtoto aliyekuwa akisema vizuri amepoteza usemi ndani ya wiki mbili na kuanza kifafa, ningemwambia apande gari usiku uleule. Fedha aliyoiweka imekwenda kwa mtaalamu wa kufundisha usemi, mara mbili kwa mwezi.

Mdogo wangu amerudi kazini. Hakumbuki chochote cha wiki zile, na daftari amelisoma mara moja tu, akalirudisha. Katika uchunguzi ule wa mwaka 2013, ugonjwa ulirudi kwa asilimia 12 ya wagonjwa ndani ya miaka miwili, kwa hiyo anahudhuria kliniki, na nyumbani sote tunajua kwamba akikosa usingizi usiku wa pili mfululizo hatungoji wa tatu. Tulimwomba daktari aandike barua ya ukurasa mmoja yenye jina la ugonjwa, majibu ya maji ya uti wa mgongo, dawa zilizomsaidia na dawa zilizomkakamaza, ili popote atakapougua asianze kuelezwa upya kama mwendawazimu. Barua hiyo imetiwa plastiki, na hukaa katika mkoba wake pamoja na kitambulisho.