Lamu: Tuanzie Karakanani

Wiki hii mmetuuliza wasomaji ni wapi, katika miji tunayokaa, mtu wa kipato cha kawaida anaweza kufurahia muziki, maonyesho ya sanaa na kazi za mafundi wa hapo hapo. Mimi nakaa Lamu, mtaa wa Langoni, na jibu langu ni kwamba aanzie pale kazi inapofanywa, ndipo aende pale inapoonyeshwa. Nasema hivyo kwa sababu nimepita mbele ya milango ya nakshi tangu utotoni bila ya kuitazama hata mmoja, mpaka mwaka huu nilipompeleka mpwa wangu, mwanafunzi wa darasa la saba, kwa fundi seremala katika kichochoro kinachotokea Usita wa Mui, yaani njia kuu ya mji wa kale.

"Shikamoo, fundi," mtoto akasema.

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo penye mbao, lakini patasi usiziguse."

Fundi alikuwa akichonga mfaa, ule ubao mwembamba wa katikati unaoshikizwa kwenye bawa moja la mlango ili kuufunika ufa baina ya mabawa mawili. Maua alikwisha kuyachora kwa penseli na bikari; sasa alikuwa akiushusha ubao pembeni mwa kila ua, kidogo kidogo, patasi ikigongwa kwa kipande cha gogo, mpaka ua likabaki limeinuka peke yake. Nilikuwa nikidhani kwamba fundi anachonga ua, kumbe anachochonga hasa ni nafasi inayolizunguka. Mpwa wangu akauliza kwa nini ua la tatu kutoka juu limepinda. Fundi akacheka, akasema kwamba hilo alilichonga njaa ikimuuma. Njia ya kurudi nyumbani, ambayo ni ya dakika tano, ilituchukua karibu nusu saa, kwani mtoto alisimama kila mlango kutafuta ua lililochongwa na mwenye njaa.

Ziara kama hiyo haina kiingilio, ila ina adabu zake: salamu kwanza, ruhusa kabla ya kupiga picha, na ikiwezekana usiondoke mikono mitupu, maana mafundi huuza pia fremu za vioo na visanduku vidogo.

Aliyekwisha kuona hayo ndiye atakayefaidi Makumbusho ya Lamu, katika nyumba ya ghorofa inayotazama bahari. Humo kuna siwa mbili, moja ya pembe ya ndovu kutoka kisiwa cha Pate na nyingine ya shaba, ya Lamu yenyewe. Siwa ni baragumu iliyopulizwa katika shughuli kubwa za watawala, kwa hiyo ni ala ya muziki. Lakini ukiinamia kioo utaona kwamba ni kazi ya nakshi pia, na mkono uliotia nakshi hizo una undugu na ule wa fundi wetu wa mfaa. Kinachonisikitisha ni ukimya wa siwa hizo. Ngome iliyo karibu, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19 na kutumiwa kuwa gereza hadi 1984, ina bahati zaidi, kwa kuwa uani mwake watu bado hukusanyika kwa shughuli mbalimbali.

Muziki wa hapa haukati tiketi, bali hungoja sababu. Harusi ikiwapo, vijana hucheza kirumbizi, wakizungukana na kurushiana fimbo kwa mdundo wa ngoma na mlio wa zumari, na mpita njia yeyote anaweza kusimama kutazama. Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, ukiingia, Maulidi ya Msikiti wa Riyadha hujaza mji wageni kutoka pwani nzima, na matari husikika hadi usiku. Wapo watakaonikosoa kwa kuyataja katika jibu la burudani, nami nakubali kwamba hayo ni ibada kwanza. Taarabu ndiyo iliyopungua. Mji huu ulimzaa Zein l'Abdin, bingwa wa udi, ile ala ya nyuzi, aliyefariki 2016, lakini leo ni nadra kusikia udi ukipigwa nyumba ya jirani.

Kuhusu picha za kuchorwa sina sifa nyingi za kutoa. Niliwahi kuingia katika onyesho moja lililojaa majahazi, punda na wanawake wa mabuibui, yaani sisi wenyewe tukiwa ukutani, na maelezo yote yakawa kwa Kiingereza. Mzee mmoja niliyeingia naye aliitambua baraza ya nyumba yake, akaniuliza chini pameandikwa nini. Nilipomtafsiria, tukagundua kwamba jina la mtaa limekosewa. Wachoraji wenyewe hawakuwa na kosa, kwani siku za nyuma niliwaona wakichora njiani huku watoto wamewazunguka, wakiwaelekeza rangi ya kikoi cha baharia fulani, na saa ile ilikuwa tamu kuliko onyesho lenyewe.

Mpwa wangu sasa huenda kwa yule fundi kila Jumamosi baada ya chuo cha Kurani. Patasi bado hajapewa. Anapiga msasa tu, na nyumbani analalamika kwamba vumbi la mbao limemwingia hadi masikioni.