Umepangiwa skuli ya shamba Pemba kusomesha Kiingereza? Soma hapa kwanza

Maalim karibu Pemba. Umesema umetoka Mjini Unguja, umepangiwa skuli ya shamba, yaani ya kijijini, huku upande wa Micheweni, utasomesha Kiingereza darasa la 5 na la 6, unataka kujua utaanzia wapi na utamkimbilia nani ukikwama. Wachangiaji wa juu wamekwambia beba vitabu na uwe mvumilivu. Sawa beba, lakini mie niliyesomesha shamba miaka mingi, kisiwani kwa kuvuka na chombo na huku nchi kavu pia, nakwambia kitabu siyo shida kubwa. Anayehitaji kushikwa mkono mwanzo ni mwalimu, mtoto anafuata.

Tatizo lenyewe lipo la 5. Sera ya elimu ya 2006 ndiyo iliyosema hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa hilo, wenzetu wa Bara skuli nyingi za serikali wanakwenda na Kiswahili mpaka wanamaliza msingi. Sasa mtoto wa Mjini angalau anaona watalii, ana katuni kwenye tivii, ana kaka yake anasoma tuisheni. Mtoto wa huku Kiingereza anakisikia kwako tu, ukitoka darasani ndo basi tena mpaka kesho, na kesho yenyewe inategemea kama bamvua, zile siku za maji makubwa kujaa na kukupwa, limeingia au la.

Nikupe mfano. Nlikuwa na kijana mmoja anauza pweza na mjomba wake pwani, chenji hakosei hata umharakishe vipi. Nikampa swali, mvuvi alikuwa na pweza 45 akauza 18, wamebaki wangapi, limeandikwa kwa Kiingereza. Akaligeuza lile daftari, akatafuna penseli, akaandika namba zote mbili akazijumlisha. Nikamsomea kwa Kiswahili, sijamaliza sentensi kashasema 27. Huyo karatasi ya mtihani ingesema hajui hesabu!

Kwa hiyo nlianza kukaa na mwalimu wa hesabu na wa sayansi kabla wiki haijaanza, wananipa maneno ya mada inayokuja, mie nayafundisha mwanzo kwenye kipindi changu, wakiingia wao watoto washayazoea. Haina gharama hiyo, inataka walimu watatu wakae chini ya muembe wasemezane basi.

Darasani anza na mdomo, chaki baadae. Na tumia vitu vyao. Mie nlikuwa nakuja na kamba ya mwani na taitai, vile vikamba vidogo vya kufungia mbegu, msichana mmoja anasimama mbele anafunga mbegu kwenye kamba huku anasema I am tying the seaweed, darasa zima linasema she is tying, halafu kamba inahamia kwa mwengine na maneno yanabadilika. Kuna siku walinisahihisha wao jinsi ya kufunga fundo, kelele tupu, lakini kelele za Kiingereza. Ukija na picha ya treni na theluji watakuangalia tu wale.

Kitu kimoja watu wa nje hawakijui, watoto wetu wana masikio na hifdhi ya ajabu kwa sababu ya chuoni, madrasa wanakohifadhi Qur-ani. Msomee aya moja ya Kiingereza mara chache, kesho anakurudishia yote bila kuangalia. Ni neema lakini pia mtego, kwa sababu mkaguzi akija anasikia darasa linaghani vizuri anaondoka kafurahi, kumbe hakuna aliyeelewa hata mstari. Baada ya kuitikia wote pamoja wagawe wawili wawili waulizane, hapo ndo utajua nani yupo na nani hayupo. Darasa likiwa limejaa, wengine chini, wewe wagawe hivyo hivyo walipokaa usihamishe mtu.

Na hizi skuli za kumvisha mtoto kibao shingoni kwa sababu kasema Kiswahili, wallahi sikubaliani nazo. Anachojifunza pale ni kunyamaza. Eleza kwa Kiswahili pale pagumu, rudi kwenye Kiingereza, endelea.

Mahudhurio usishangae. Karafuu zikiiva madarasa yanapwaya, bamvua mabinti wapo kwenye mwani na mama zao, na ukiwa jirani na watu wa Kojani kuna dago, kambi za wavuvi, familia inahama na watoto wanakwenda nao. Wiki hizo usianzishe mada mpya, rudia za nyuma.

Sasa msaada. Wengi tunafundisha kwa kunakilisha ubaoni kwa sababu sisi wenyewe tunaogopa kukisema. Nlikuwa na mwenzangu wa sayansi, kwa Kiswahili anakuchambulia mmea mpaka unauona unapumua, akigeukia Kiingereza sauti inashuka anaanza kusoma kitabu. Tukaanza kukaa barazani kila Alkhamis baada ya skuli, kila mtu anaeleza somo la wiki ijayo kwa Kiingereza na marufuku kuchekana. Ilimbadilisha yule kuliko semina yoyote. Semina za mjini nazo nenda, ila anakwenda mmoja, akirudi anahamishwa, na elimu imeondoka nae. Mbane mwalimu mkuu apeleke wawili.

Vituo vya walimu vitumie, Wingwi itakuwa karibu nawe, Michakaini ipo Chake na Mitiulaya Wete. Ukipita penye intaneti nzuri shusha vipindi vya BBC Learning English kwenye simu, ni bure, tafuta spika ndogo ya kuchaji, sikilizeni nyie walimu kwanza ndo mpeleke darasani.

Wageni wa kujitolea wakija wapokeeni vizuri, lakini usiwape darasa wakaimbe na watoto wapige picha waondoke. Waweke na walimu wazungumze nao kila siku, faida yake inabaki.

Kaa kijijini kama unaweza, ukiwa unarudi na gari kila siku baraza ya jioni huipati. Karatasi za mabango zikikosa, mifuko ya saruji upande wa ndani inaandikika vizuri na maka peni, waombe mafundi. Skimu yangu (mpango wa masomo) ya la 5 yenye maneno ya hesabu na sayansi ninayo kwenye simu, ni-PM nikutumie.