Lazenby mnamuonea bure
Hapana kaka, unaposema George Lazenby ndo mwigizaji mbovu kuliko wote waliocheza jasusi James Bond eti kisa kacheza muvi moja tu, hapo sikubali. On Her Majesty's Secret Service ya 1969 inazipita nyingi alizocheza Bond mwingine, Roger Moore, angalia tu mwisho wake, Bond na Tracy wametoka kufunga ndoa, Bond kasimamisha gari atoe maua ya harusi, mara adui yake Blofeld na msaidizi wake Irma Bunt wanapita wanamimina risasi, Tracy anakufa palepale na jamaa kamkumbatia anamwambia polisi mkewe anapumzika tu. Sean Connery, naye kacheza Bond, hakuwahi kupewa sini nzito hivyo! Na ile muvi ya mwisho ya Daniel Craig kama Bond, No Time to Die ya 2021, wimbo wa Louis Armstrong waliourudisha umetoka kwenye hiyohiyo ya Lazenby.